Kengele ya Imbwa ya Bahati

Jumatatu, 7 mwezi wa kumi

Nasahihisha dikte, imla ya mwaka wa tatu. Makosa kibao. Madaftari kumi na mbili nimemaliza, mengine yananingoja. Mutoto wangu Dorika anakohoa tena. Sombe, majani yetu ya muhogo, imeungua, akili haikuwa kwa chungu.

Tribinali ya kijeshi, ile inayoamua kesi za bunduki, imefika na magari mawili. Watakaa mu sale, ukumbi wa parokia. Kesi ya bwana yangu ni keshokutwa. Miezi saba tangu wamupige risasi Papa Dorika mu shamba letu la mihogo.

Mu biro ya walimu wanaongea jambo hilo tu. Tangu serikali iseme hukumu ya kifo itatekelezwa kweli, si kubaki mu karatasi kama zamani, kila muntu amekuwa mwamuzi. Direkteri anasema aliyeua auawe, vita haitaisha kama wauaji wanarudi nyumbani kula bugali. Mama Sifa, mwalimu wa mwaka wa kwanza, anasema roho ya muntu ni ya Mungu. Direkteri akamuuliza kama Mungu njo analinda mihogo yake. Wakacheka. Wakaniona. Wakaacha.

Mimi najua ninachotaka. Nataka Bahati, jirani muwindaji waliyemushitaki, afe. Naandika hapa kwa sababu mu kanisa siwezi kusema.

Jumanne, 8

Shemeji Musafiri ameniletea kuni. Amezipasua yeye mwenyewe. Tangu kaka yake mudogo afe, yeye njo mukubwa wa lupango letu, nyumba zetu ziko uwanja mumoja, na hajaniacha nilale njaa. Shamba la mutoni analilima yeye sasa. Sawa. Mimi peke yangu ningeliwezaje?

Ameniambia: "Shemeji, kesho usitetemeke. Sema ile uliyosikia. Basi."

Ile niliyosikia naijua kama jina langu. Asubui, ukungu. Mimi ng'ambo ya mto nang'oa mihogo, Papa Dorika upande ule. Nikasikia kengele ya imbwa ya Bahati. Wawindaji wa huku wanafungia imbwa kengele ya mti shingoni. Ile ya Bahati imepasuka, inalia ka-ka-ka, hakuna ingine kama ile. Halafu risasi moja. Halafu hakuna kitu.

Na Bahati alikuwa amegombana na Papa Dorika juu ya mupaka wa shamba. Alimuambia mbele ya watu: "Utaona." Sasa nani tena?

Jumatano, 9

Nimeapa. Mukono juu ya Biblia. Sauti ilitoka.

Nikasema kengele. Mwamuzi akauliza: "Mama, una hakika?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, ndiyo, hata nikilala ninaisikia.

Bahati amekonda. Amesema siku ile alikuwa na malaria, kitandani, na imbwa yake ilikuwa imeazimwa. Mwamuzi akauliza: imeazimwa na nani? Akaangalia miguu yake. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa hasira. Muntu anaazima jembe ya kupalilia, sufuria, kiti cha matanga. Imbwa?

Musafiri alisema yeye siku ile alikuwa mbali, soko ya Hombo. Hawakumuuliza kitu kingine.

Bibi ya Bahati, Mama Neema, alitaka kusimama. Askari akamukalisha.

Alhamisi, 10

Kifo.

Wamesoma saa tano. Sale nzima ikapiga kelele, wengine vigelegele. Mama Neema akaanguka chini kimya, kama nguo inayoanguka kwa kamba. Bahati hakulia. Aliniangalia. Hakuwa na kasirani, njo hiyo inanisumbua.

Avoka, yaani wakili wake, kijana wa miwani, iko na siku tano ya kuandika apeli, kesi isikilizwe upya. Alisema hana kitu kipya cha kuandika. Nilimusikia akimuambia mwenzake. Leo tribinali inaenda Hombo na mufungwa.

Musafiri amechinja kuku. Anasema kaka yake sasa atapumzika. Nikakaa mbele ya sahani. Nyama yangu nikamupa Dorika. Nilifikiri nitafurahi.

Jumamosi, 12

Leo nimeona kitu, nimekasirika, halafu kasirani imegeuka kuwa kitu kingine.

Nikitoka kuchota maji nikamuona Papa Mateso, muwindaji wa juu kule, anaingia kwa Mama Neema na mguu wa nyuma wa mboloko, ule munyama mudogo wa pori. Bado unatoka damu. Imbwa ya Bahati inamufuata nyuma, kengele ka-ka-ka. Nyama! Kwa nyumba ya muuaji! Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Sifa kulalamika.

Mama Sifa akanicheka. "Ehee, mwalimu! Ninyi watu wa Masisi munajua ng'ombe na maharagwe tu. Ule ni mguu wa imbwa."

Nikauliza mguu wa imbwa ni nini.

Akaeleza akimenya ndizi, bila haraka. Huku Walikale si kila muwindaji iko na imbwa ya maana. Unaazima ya mwenzako, unaenda nayo na kengele yake. Ukiua, mguu wa nyuma unaupeleka kwa mwenye imbwa. Ukimunyima, imbwa haitakuwindia tena, na pori litakufunga. Hata mulevi anaupeleka. Hata mwizi.

Nimezaliwa Kibabi, kule Masisi. Nimeolewa huku miaka kumi. Nimekula nyama yao miaka kumi na sikuwahi kuuliza inagawiwa namna gani. Imbwa ya muntu, nilijua, ni ya muntu.

Imbwa ilikuwa imeazimwa. Alisema vile. Mimi nikacheka.

Yesu wangu.

Jumapili, 13

Sikuimba. Midomo tu.

Baada ya misa nikapita njia ya nyuma mupaka kwa Mama Neema. Nilifikiri atanifukuza na muti wa kutwangia. Alinipa kiti. Hiyo ilikuwa mubaya zaidi.

Nikamuuliza: ile asubui imbwa ilikuwa kwa nani?

Akafunga mulango. "Unataka kujua kweli? Ao umetumwa?"

Nikasema sikutumwa na muntu.

"Kwa shemeji yako."

Alisema Musafiri alikuja kuichukua mbele ya jua kutoka. Bahati alikuwa anatetemeka na homa, hata kuamuka hakuamuka. Na siku ya kilio, watu wote wako kwangu wanalia, Musafiri alipita nyuma ya nyumba ya Mama Neema na mguu wa mboloko, amefunga mu majani. Hakusema kitu. Akauacha kwa mulango.

Nikauliza sababu gani Bahati hakusema mbele ya mwamuzi. Akajibu polepole, kama nafundishwa kusoma: "Juu yetu, mimi na watoto. Yeye wanamupeleka. Sisi njo tunabaki hapa na Musafiri na bunduki yake."

Soko ya Hombo, Musafiri alisema. Aliapa pia. Biblia ile ile.

Amekaa pale inje, anasikia redio ya mupira, anacheka. Mita kumi.

Jumatatu, 14

Sijui kama Musafiri aliua. Niandike vizuri: SIJUI. Labda alilenga, shamba la mutoni lilikuwa la Papa Dorika na yeye alilitaka. Labda imbwa ilifukuza munyama, majani yakatikisika mu ukungu, akapiga, akakuta ni kaka yake. Halafu akaogopa, kama mimi naogopa sasa. Halafu akaona watu wote wanaangalia kwa Bahati.

Kwa sababu nani aliwaonyesha Bahati? Mimi.

Saa kumi Musafiri alikuja kwa jiko. Akakaa kwa kigoda changu. "Shemeji, wanasema jana ulipita kwa Mama Neema."

Nikasema nilipeleka pole. Uongo wenyewe ulitoka mudogo, kama sauti ya Dorika.

"Una roho nzuri. Lakini maneno imekwisha. Usiichokoze." Akachukua kipande cha muhogo mu chungu changu, akala, akaenda. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya.

Kesho ni siku ya mwisho ya apeli. Avoka iko Hombo. Nikimuambia Musafiri naenda Hombo kuchukua chaki, atasema tutaenda pamoja, yeye iko muntu wa kusaidia watu. Nikinyamaza, Bahati atakufa na kifo kile nilikiomba mimi. Nilikiomba hata mu magoti.

Na nikisema? Wataniuliza: Mama, wewe njo uliapa ao ni mwingine? Wanaweza kunifunga. Dorika atabaki na nani? Na Musafiri.

Daftari hii nimeificha kati ya dikte. Musafiri hasomi dikte.

Jumanne, 15, Hombo

Niko hai. Naanza na hiyo.

Asubui nilivaa kama kila siku. Nikasalimia. Nikaacha maharagwe juu ya moto, makusudi, muntu anayekimbia haachi maharagwe juu ya moto. Saa nne, kwa mapumuziko, nikamuachia Mama Sifa darasa langu. Sikueleza. Aliniangalia usoni akasema tu: "Enda." Nikamushika Dorika mukono mu mustari wa watoto. Kandambili miguuni, chaki vidoleni. Motari, dereva wa pikipiki niliyemuomba, alikuwa nyuma ya kanisa.

Kwa daraja la miti tukamukuta Musafiri. Anabeba mbao na wenzake. Motari akapunguza, daraja iko ya muntu mumoja mumoja. Musafiri akatuangalia. Dorika akapiga kelele: "Baba mukubwa!" Akampungia mukono. Na mimi nikapunga. Nilijikojolea kidogo, sitaficha, hapa hakuna wa kunicheka.

Alitua ubao wake chini. Njo vile nilivyomuona mwisho, amesimama bila ubao.

Avoka nilimukuta anafunga sanduku. Nikasema yote mbio mbio mupaka akaniomba nianze tena. Akauliza kama nasema Musafiri aliua. Nikasema hapana. Akauliza kama nasema Bahati hakuua. Nikasema sijui. Akavua miwani, nadhani alitaka kunipiga.

"Mama, sasa unasema nini?"

"Nasema sikuona muntu. Nilisikia imbwa. Niliapa juu ya imbwa, na watu wakaandika muntu."

Akaandika. Akanisomea. Nikatia sahihi na kidole pia, wino mweusi. Mama Neema ataitwa, sasa watamusikiliza. Avoka alikimbia kwa biro ya tribinali na karatasi bado haijakauka.

Akaniambia juu ya kiapo kile wanaweza kunisumbua. Nikasema najua. Sikujua. Sasa najua.

Jumatano, 16

Mama Neema na watoto wamefika hapa Hombo jana jioni, nilimupigia Mama Sifa simu, akawatoa kule. Hatukai nyumba moja. Aliniona barabarani, akainamisha kichwa kidogo, akapita. Sikutaka zaidi.

Musafiri amepiga simu mara sita. Sikushika. Ya saba ilikuwa meseji: Maharagwe yako yameungua shemeji. Hiyo tu. Nimeisoma mupaka Dorika akaninyang'anya simu.

Jumamosi, 19

Apeli imepokelewa. Bahati yuko hai, wamempeleka Kisangani kungoja. Mimi nitaitwa. Musafiri ataitwa pia, wanasema. Wanasema vilevile kwamba hajaonekana lupangoni tangu Alhamisi. Kila pikipiki ikisimama, nahesabu pumzi.

Tunalala kwa Mama Esta wa parokia. Leo mvua. Tulikaa barazani tunapepeta muchele, wamama watano na muzee wa nyumba. Mazungumzo yakafika kule kule: wauaji wauawe ao wasiuawe. Mumoja alipoteza watoto wawili kule Bihambwe, akasema wauawe wote, hata leo, hata na mikono yake. Hakuna aliyemubishia. Ungembishia nini?

Halafu muzee akanigeukia. Anajua mimi ni mujane, hajui zaidi. "Na wewe, mwalimu? Wewe njo una haki ya kusema."

Wote wakangoja.

Nikasema: "Mimi niliapa, na nilikuwa na hakika."

Wakangoja nimalize. Nilikuwa nimemaliza. Mama Esta akaniongezea muchele kwa lungo, nikaendelea kutoa mawe.