Nilitaka Kuua Pampu Yako, Mwende

Mwende, mwaitu, wewe uliyepewa jina la mama yangu,

Tangu tukuzike sijashika kalamu, na maandishi yangu unayajua. Lakini leo niko na uoga na sina mwingine wa kumwambia.

Pampu ya kisima cha hapa Muthetheni bado ni mimi naangalia. Hakuna mtu Mwala nzima ananishinda kwa pampu. Lakini lile sanduku lako la kuwasha na kuzima pampu, na ile programu uliandika ndani... hapo wewe ulinishinda.

Juzi panya walikata waya wa kile kifaa cha kule chini, kile kinaambia sanduku maji yameisha. Nikaweka mpya. Nikaupitisha kwa bomba moja na waya mnene wa mota. Ulinikataza, mara ngapi, ukisema upite mtaro wake, umeme wa mota usiuletee ishara za uongo? Nikasema mtaro wa pili ni wa watu hawana kazi.

Jana mchana taa nyekundu ya sanduku ikawaka. Mota ikinguruma, huo waya unapeleka ishara ambazo hakuna kitu kimetuma, mamia kwa mamia. Nikakumbuka ukinifundisha jikoni, ukicheka: "Nau, baba yangu, ukisikia hodi usikimbie kufungua. Chungulia kwanza. Kama hakuna mtu, rudi ukae. Ikizidi kusumbua, funga huo mlango, lakini uwe unatoka mwenyewe kuangalia." Ndivyo uliandika. Sanduku likichoshwa na ishara za uongo lizibe hilo sikio, halafu kila dakika liende lenyewe kuuliza maji yako wapi.

Mimi sikuamini. Nikaona sanduku limekufa. Nikashika ile swichi ya zamani, ile hairuhusu sanduku kusema kitu, niendeshe pampu kwa mkono kama mwanaume. Kabla nivute, pampu ikazima yenyewe. Nikateremsha kamba na jiwe.

Jiwe lilirudi kavu, mwaitu. Kavu! Kumbe sanduku lilikuwa hai, limeenda lenyewe kuuliza. Ningevuta, mota ingeungua, na watoto wa shule, na ng'ombe wa watu... siwezi kumaliza.

Maji yamerudi, lakini taa bado ni nyekundu. Pampu ikinguruma tu, natoka kuchungulia. Kamati ya kisima wananisifu ati nimeokoa pampu. Na mimi, unanijua, nikakubali sifa.

Lala, mama. Kesho nachimba huo mtaro, mikono hii hii. Na Jumapili baada ya misa nitasimama mbele yao wote niseme ni nani aliokoa pampu, na ni nani alikuwa ameshika swichi.

Baba yako