Nyama ya Arobaini ya Baba Yako

Kibaoni,
Ifakara.
14 Septemba 2024

Mpendwa Evod,

Mpendwa nimeiandika kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza. Marahaba kwa ile shikamoo uliyoituma kwenye simu pamoja na mahubiri ya kurekodi. Mahubiri sijayasikiliza. Hujambo? Gladness mkeo hajambo, na wajukuu zangu? Mimi nipo. Magoti yananisumbua kama kawaida, ila kinachoninyima usingizi ni hasira.

Ningekupigia, lakini kwenye simu msemaji ni wewe, shangazi yako anabaki kuitikia haya, haya, amina. Kwa hiyo nimempa Osward barua hii, anakuja Kahama na mchele wake. Isome yote.

Mpunga tumevuna, si haba, ingawa maji yalichukua mashamba ya bondeni. Habari njema ndiyo hiyo, imeisha.

Sasa arobaini ya baba yako. Unajua vizuri kwamba katika ukoo huu nyama ya shughuli huchinjwa na Hatibu, baba yako mdogo. Yeye na mkewe Rabia na watu wao wa Lupiro ni Waislamu, hawali nyama iliyochinjwa na sisi. Akichinja yeye, wote tunakula chungu kimoja. Mama yetu alituzaa kwa baba wawili, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, na hivyo ndivyo alivyotulea. Siku ya komunyo yako ya kwanza aliyechinja ni Hatibu, na wewe ulimshikia mbuzi miguu, ukajisifu wiki nzima.

Safari hii alitoka Lupiro alfajiri kwa pikipiki, kisu kimefungwa kwenye kitambaa, akakuta mbuzi wote umeshawachinja na kuwachuna. Nilikuwa karibu, nilisikia ulichomwambia.

"Baba mdogo, mimi nimeokoka. Nyama ya kisu chako siwezi kula."

Mtu amefiwa na kaka yake, unamweleza habari za kisu chake. Alikujibu, "Sawa, mwanangu," akakirudisha kwenye kitambaa. Rabia, aliyechambua mchele wa shughuli tangu jana yake, alikula wali kwa maharage kwenye arobaini ya shemeji yake. Hilo sitakusamehe upesi.

Nawe hukutosheka. Uliwasha spika zako, ukawageukia Hatibu na watu wake pale mkekani, ukawaita waje nuruni, na njaa zao. Siwema binti wa Hatibu alipolia ukadhani Roho anamgusa. Alikuwa analia kwa ajili ya baba yake.

Usiniambie shangazi amepoa imani. Agizo la Bwana la kuwapelekea watu wote habari zake nalijua, nimefundisha watoto wa komunyo tangu hujazaliwa. Ila nikuulize. Wewe ukihubiri kwenye viwanja vya Kahama, nani alikuwa akimsomea baba yako Injili macho yalipofifia? Mimi miwani yangu ilishavunjika. Ni Hatibu. Kila Ijumaa alipoleta samaki mjini, akishatoka msikitini, alipita hapa, akakaa kwenye kigoda, akamsomea Luka taratibu. Walibishana, wakacheka. Kaka alipofariki, Hatibu aliniomba ile Biblia aende nayo, amalizie kurasa zilizobaki. Sikumwuliza kwa nini. Nilimpa.

Wiki ile ile ya arobaini aliirudisha. Hakuingia ndani. Alisema, "Dada, mtunzie mwanawe," akawasha pikipiki. Tangu hapo havuki mto kuja kwangu. Ijumaa napika chai, inapoa.

Umekwenda mpaka Kahama kutafuta mataifa. Moja lilikuwa limekaa kwenye kigoda cha nyumba yenu, limefungua kitabu lenyewe, na wewe umelifukuza kwa nyama.

Nina beberu wa Krismasi. Nimemtuma Siwema amwambie baba yake aje kuchinja. Jibu lilirudi kwamba atakuja ukimwita wewe, kwa mdomo wako. Simu haitoshi. Mimi ni mzee, Evod, na nimebakiwa na kaka mmoja tu. Kwa hiyo panda basi, na ukifika Ifakara usianzie kwangu. Vuka daraja uende Lupiro, bila spika, umwamkie, umwombe radhi.

Biblia ya baba yako iko kwenye mfuko aliokupa Osward. Nimeweka uzi pale Hatibu alipoishia. Ukamrudishie wewe.

Ursula dada yako anakusalimu, japo alitaka niandike kwamba hakusalimu. Wasalimie Gladness na watoto. Mungu akulinde njiani, ikiwa njia yenyewe ni ya Lupiro. Beberu ana nguvu, na Hatibu atahitaji mtu wa kumshikia miguu. Usipokuja kushika, usije kula.

Ni mimi shangazi yako akupendaye, mwezi huu kwa shida,

Agnella