Usumba wa Mama

Alkhamisi. Mvua ya masika imeshinda ikinyesha, na sasa imebaki kudondoka kwenye makuti. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinapepesuka. Wa kulia umevimba, na vidole viwili havikunjiki.

Leo nimempiga mtu. Nimempiga vibaya, na nilipokuwa nampiga niliona raha.

Chanzo ni viti. Gari langu la abiria la Bwejuu lilikuwa na viti vya aibu. Springi zilikuwa zimetoboa juu, watu wanashuka wamechanika nguo na kunitukania wazee wangu, na walikuwa na haki.

Mama naye, kule Bwejuu, alikuwa hataki kuhamia kwangu. Chumba chake nimekijenga hapa mjini, Kiembe Samaki, kitanda kimo, mtungi umo. Kila nikimwomba alikuwa na sababu: ndege za uwanjani zinapiga kelele, hana shoga huku, watu wa mjini hawana kazi ya mikono. Mwisho akasema atanipa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, wa kujazia viti vyangu, na siku vitakapokuwa tayari atakuja mjini amekaa juu ya kazi yake mwenyewe. Nilifurahi sana.

Makumbi yake aliyafukia pwani, kwenye shimo lake alilolizungushia mawe, akayaacha yaoze kwa maji ya chumvi miezi na miezi. Akayafukua, akakaa juani na gongo lake akiyaponda mpaka kila uzi ukawa laini. Halafu akatia vikonyo vya karafuu, kunguni wasikae. Wenziwe humcheka kwa hilo, lakini godoro la mama yangu unalijua kwa pua kabla hujalilalia.

Magunia ya usumba huo nilimkabidhi mwenyewe Salmini, fundi viti wa nyuma ya soko la Darajani. Salmini ana mdomo mtamu kuliko mkono wake. Viti viliporudi vilikuwa vinang'aa, mpira mwekundu juu yake, misumari imepangwa vizuri kama shanga. Nikamshukuru mpaka nikamwombea dua. Ndani sikutazama. Nani anachana kiti kipya kutazama ndani?

Asubuhi nilikwenda Bwejuu kumchukua. Sikupakia mtu mwingine, leo gari lilikuwa lake. Alivaa kanga mpya, kashika sanduku lake, na wenziwe walitoka vibarazani kumuaga. Akapanda, akakaa. Akaubonyeza ule mpira kwa kiganja. Kisha akainama akanusa.

Nilimuona kwenye kioo, nikajua.

Tukaondoka. Kila tukiingia shimoni kiti kinalia krakra chini yake, na kila kikilia mimi damu inanipanda. Tulipokaribia mjini ndipo akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu Pandu, hii siyo yangu. Nnataka ujue tu. Twende zetu nyumbani, nshachoka."

Twende zetu nyumbani. Alisema hivyo, nilimsikia vizuri.

Nikakata usukani kuelekea Darajani.

Salmini alikuwa kakaa kwenye cherehani yake. Sikumwamkia. Nilichukua kisu chake cha kukatia turubai, nikarudi garini, mama akateremka bila ya kushikwa mkono, nami nikavichana viti vyote, kimoja baada ya kimoja, barabarani, kwenye mvua. Yakatoka makumbi mabichi, hata shimo hayakuliona, na maranda ya seremala, na gunia bovu limekunjwakunjwa.

Nikamuuliza usumba wa mama yangu uko wapi. Alikuwa na muda wa kuniomba radhi. Badala yake akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayezungumza na mtoto, akasema, "Usumba ni usumba, Pandu. Mtu anakalia, halambi. Nani atajua?"

Nilimpiga ngumi ya mdomo. Cherehani ikaanguka naye. Nikamkalia kifuani, nikamjaza makumbi kinywani na kumwambia ale, ale kazi yake, mpaka macho yakamtoka. Alipapasa chini akapata nyundo, akaniponda nayo mkono. Sikusikia maumivu. Nilimpiga kwa huo huo mkono uliopondeka. Jino lake moja liliruka mpaka kwenye maji ya mtaroni, na mimi nikataka la pili. Wauza kahawa na wachukuzi ndio walionibandua, nami nilikuwa bado napiga mateke hewani.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama na sanduku lake kichwani, kaloa chepechepe. Kanga mpya ina damu kwenye pindo. Sijui ni yangu au ya Salmini.

"Mkono huo," akaniambia, "ndio utakaonipa chakula?"

Nikamjibu kwamba nilimpiga kwa ajili yake. Akasema hakunituma.

Akaondoka. Mimi nyuma yake, nambembeleza kama kichaa, watu wanatutazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka yanaposimama magari ya shamba. La Vuai lilikuwa linataka kuondoka kwenda Bwejuu. Vuai ni dereva mwenzangu, tunagombania abiria kila siku lakini hatujawahi kukosana. Viti vyake pia vilikuwa vipya. Mpira mwekundu. Misumari kama shanga.

Mama akapanda, akakaa dirishani. Nikamuona anatulia. Akaweka kiganja kitini, akabonyeza, akaondoa, akabonyeza tena. Akainama akanusa. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu, na mimi sijamuona mama yangu akitabasamu vile tangu nilipokuwa mdogo.

"Uko huku," akasema. "Usumba wangu uko huku."

Hata mimi nikausikia, pale nilipo, karafuu kwenye mvua.

Vuai alikuwa mbele anafuta kioo, anapiga mluzi, hajui lolote. Nilijua hajui. Lakini mkono wangu ulikwisha shika kitasa cha mlango wake. Mama aliutazama tu ule mkono.

Nikaachia kitasa.

Gari likaondoka. Kazi yake yote ile, na safari aliyokwenda juu yake ni ya kunikimbia mimi.

Sasa niko hapa. Chumba chake nimekifungua, nikakifunga. Nimejaribu kujuta na sikuweza sawasawa. Cherehani ya Salmini imenisikitisha kidogo, maana wanawe wanakula kwa ile. Jino halijanisikitisha. Ningempata hapa usiku huu ningelitafuta la pili kwa mkono huu wa kushoto, na hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba mama ameona yote na mimi bado nna hamu.

Alitaka nijue tu. Hakutaka zaidi.

Gari langu halina viti, kesho halitoki. Nitapanda la Vuai kwenda Bwejuu. Nitakaa dirishani, palepale alipokaa yeye, juu ya usumba wake, na Vuai atanisemesha njia nzima maana ndivyo alivyo, na mimi nitamjibu. Nikifika nitasimama nje ya mlango, sitaingia mpaka aniambie ingia.

Je, akiniambia nimwonyeshe mikono?