Chiriku Anamwandikia Papa wa Kilindini

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Papa,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi huku tunasukuma siku. Ningekutumia ujumbe kwa simu, lakini nakujua: ungejibu "sawa" na kurudi zako kilindini.

Jana nilikuwa napiga pasi, nikakumbuka kile kitabu cha wanyama ambacho mama alitusomea huku akisubiri pasi yake ipate moto. Ukurasa mmoja ulikuwa na chiriku, mwepesi kama kidonge cha uzi, moyo unamwenda mbio, haachi kuimba tangu alfajiri. Uliofuata ulikuwa na papa wa kilindini, anayeogelea polepole gizani, hana sauti, na umri wake unawapita mababu zetu wote. Mama akatutazama, akasema, "Kumbe wanangu wameshachorwa." Tangu hapo majina yetu ya shule yakabaki shuleni. Mimi nilipayuka kutwa chini ya meza yake ya kukatia, wewe ukaokota vifungo bila neno. Nazitamani sana siku zile.

Sasa nikwambie. Upasuaji wa koo ulikwenda salama, ila sauti imeondoka, na daktari haahidi kwamba itarudi. Wewe na mimi tutaandikiana. Shida ni mama. Macho yake hayaoni tena herufi, na mimi alinijua kwa makelele yangu. Shangazi amemweleza mara nyingi. Anaitikia, kisha anasahau. Juzi nilimshika mkono, akaniuliza, "Chiriku, nimekukosea nini?" Nililia, mdogo wangu, na hata kilio hakikusikika.

Kwa hiyo zamu ni yako. Piga simu kila jioni uongee na mama. Mwambie chochote: mvua, viatu vipya, wale majirani zako wakorofi. Najua utaona nimekutoa majini. Vumilia tu, maana nyumba hii haijazoea kimya, na mama anazidi kujikunyata.

Shangazi anakusalimu sana, pia binamu yetu fundi saa, ambaye bado anachelewa kila mahali. Mungu akulinde, na ulimi wako aufanye mwepesi.

Simu nitaipokea mimi kabla ya kumpa mama. Ukisikia kimya, usikate. Ni mimi.

Dada yako akupendaye siku zote,
Chiriku