Kwa Rispa, Kuhusu Chakula cha Jumatano

Rispa,

Mke mwenza gani anaondoka na kumwachia mwenzake karai likiwa motoni? Mimi ndiye niliyeolewa kwanza, mimi ndiye mkubwa, ilikuwa nitangulie mimi. Lakini wewe hujawahi kungoja zamu tangu uingie nyumba ile. Sasa umelala kwetu, kaburi lako linatazama ziwa, na mimi niko hapa mjini, Gatwekera, na wajukuu wako. Nina jambo. Sikiliza mpaka mwisho, usiniambie umechoka, maana aliyelala ni wewe.

Nyar Uyoma wetu wa samaki alikuja kula kwangu Jumatano. Lakini huwezi kuelewa alichofanya mpaka nikueleze mambo yalivyo huku.

Tulikuwa tumekuzika, hata nguo zako sijazigawa, redio ikaanza. Ati huko Rwanda watu wanauana, miili inatupwa mtoni, na mto unaileta ziwani. Ziwa letu, Rispa. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza nilizima redio. Kesho yake wateja wangu nao walikuwa wameisikia, na wateja hawazimwi.

Yule fundi wa viatu aliyekuwa anatutania, "Mume mmoja, karai moja," siku hizi anapita upande ule mwingine wa njia akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama Zainabu wa Makina, aliyekuwa anatuma mtoto na sahani kila Jumamosi, alikuja mwenyewe. Akasimama mbali na karai. "Mama Okelo, ndugu yangu, si wewe. Ni tumbo langu linakataa." Pale sokoni Toi wanasema kuna mwanamke amempasua samaki mbuta akakuta kidole, na pete yake. Nikauliza mwanamke gani huyo, anakaa wapi, mume wake ni nani. Hakuna anayejua. Kila mtu ameambiwa na mtu.

Niliwafokea. Nikawaambia, mbuta ndiye anayekula nyama, na mimi siuzi mbuta. Nauza ngege, na ngege anakula majani na matope tangu Mungu amuumbe. Redio yenyewe ikasema baadaye kwamba samaki wa upande wetu hana neno. Hilo nalo nikalisema kwa sauti, hapo njiani, watu wote wasikie. Wakaniangalia tu.

Kinachobaki mimi situpi, unanijua. Kinachobaki jioni wanakula watoto. Na siku hizi kinabaki kingi.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Samaki wamenona. Gunia la Nyar Uyoma linakuja na basi kama zamani, tena limejaa kuliko zamani, na ukimpasua ngege unakuta mafuta meupe yamemjaa tumbo lote, mpaka yale ya kukaangia nimepunguza. Miaka yote tuliyokaanga pamoja uliwahi kuona ngege wa hivyo? Mimi sijawahi. Nilikuwa nayakwangua haraka nikayatupa mtaroni kabla mjukuu wako Atieno hajarudi kutoka shuleni.

Basi kondakta wa basi akaniletea salamu: Nyar Uyoma anakuja Jumatano, atalala kwangu, Alhamisi anaendelea na safari kwa binti yake. Hatujaonana tangu mazishi yako. Nikafurahi. Halafu nikaketi kwenye ndoo nikawaza, nimpikie nini?

Usicheke. Ukiwa hapa ungesema kuku. Wewe kila mgeni ni kuku, ndiyo maana hatukuwahi kuwa na kuku. Kuku ni wa mkwe na wa pasta. Huyu ni mwenzetu wa kazi. Yeye ananunua ufukweni asubuhi, sisi tunakaanga, tumekwenda hivyo hivyo miaka na miaka. Ni kama mke mwenza wa tatu, ila yeye alipata bahati hakuolewa na mume wetu. Na anakuja katikati ya wiki, watoto wana shule kesho yake, jiko ni moja. Mtu kama huyo unampikia chakula cha kawaida, lakini unakipika vizuri.

Atieno akanisikia mimi bibi yake ninaongea peke yangu. "Dani, si upike tu chapo na ndengu. Shuleni wameanza kuniita Mochari, ati nyumba ya maiti." Nikamuuliza ni mtoto wa nani huyo, niende nikamwone mama yake. Hakunitajia. Mama Zainabu naye, "Mpikie nyama, kwani lazima samaki?"

Lazima. Nikimpikia nyama nimemwambia mwenzangu kwamba mimi mwenyewe siamini tunachouza. Na tena, hili sikumwambia Mama Zainabu, nilitaka kumwona Nyar Uyoma akila. Unajua desturi ya nyumba yetu. Samaki anawekwa mzima, kichwa kinamtazama mgeni, na hakuna mkono unaomgusa kabla mgeni hajamvunja. Yeye ndiye anayeishi kando ya maji yale. Anawaona wavuvi wakirudi, anaona wamebeba nini na wana nyuso gani. Nikasema, akimvunja ngege huyu na kumla, nitalala usingizi. Na kesho nitasimama kwenye karai langu nimtukane yule fundi wa viatu mpaka ahame.

Basi chakula cha Jumatano kikawa hiki. Ugali wa mtama, nikachanganya na mahindi kidogo ushikane. Mboga ya managu kutoka Toi, nikaichemsha Jumanne, nikamwaga maji yake machungu, nikatia maziwa nikailaza, kama ulivyopenda wewe na nisivyopenda mimi. Ngege mmoja mkubwa, nikamchanja ubavuni, chumvi, nikamkaanga mpaka ngozi ikakauka, halafu nikamlaza kwenye nyanya na kitunguu. Ndizi mbivu baadaye, na chai. Basi. Hakuna mtu angeaibika na chakula hicho.

Alifika na kikapu. Ndani kulikuwa na mayai na njugu. Hakuleta samaki hata mmoja. Nyar Uyoma! Aliyekuja kwenye harusi ya binti yako amevaa viatu vya kisigino na samaki kichwani! Nikamkumbatia. Alinuka sabuni. Rispa, wewe umewahi kumnusa Nyar Uyoma akanuka sabuni?

Tuliongea ya kuongea. Akaniambia kaburi lako limepaliliwa, ila upande wa chini, ule wa majini, nyasi zimeota ndefu na vijana hawataki kushuka kuzikata. Nikamuuliza kwa nini hawataki. Akasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Nikamuuliza ziwa halijambo. Akasema, "Ziwa liko."

Tukanawa mikono. Nikaomba, sala fupi, maana ugali unapoa. Nikaweka ngege katikati, kichwa kikamtazama.

Akamega ugali. Mkono wake ukapita juu ya samaki kama mtu anayeruka mtaro, ukaenda kwenye managu. Akala. Akamega tena, akaruka tena. Mimi nangoja. Atieno ameshika tonge lake hewani linapoa, Oti mdogo wake anameza mate.

Nikamwambia, "Nyar Uyoma, samaki anakungoja."

"Ah, Mama Okelo. Nilikula njiani."

"Umekula njiani na ugali unateremka namna hiyo?"

Akacheka. Alicheka peke yake. "Ni meno, mama. Meno yananisumbua."

"Ngege wa mchuzi anahitaji meno?"

Akalamba vidole, akaangalia mlango kama mtu aliyesikia anaitwa.

Sasa Oti wako, uliyemlea bila adabu ukaniachia mimi kazi hiyo, akachoka kungoja. Akanyoosha mkono kwa samaki. Nyar Uyoma akamdaka. Akamshika kifundo cha mkono, Rispa, na si kwa mchezo. Alimshika kama unavyomshika mtoto aliyetaka kugusa makaa. Oti akanitazama mimi.

"Mpe mboga," akasema. "Mboga ni tamu."

Alipomwachilia, alama za vidole zilibaki kwenye mkono wa mtoto.

Nikamwondoa samaki, nikamfunika na sufuria, nikamweka nje. Atieno akasema bado ana njaa. Nyar Uyoma akainuka mwenyewe, akapiga magoti mbele ya jiko langu kama bibi harusi, akawakaangia watoto mayai. Mgeni, Rispa, mgeni ndiye anapika! Na bila kugeuka akasema, "Siku hizi sisi huko tunakula mayai tu."

Watoto walipotoka kuosha vyombo nikamuuliza waziwazi. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mama Okelo. Mimi nanunua. Sitazami."

"Na gunia?"

"La kesho liko kwenye basi tayari."

Nikamuuliza anawezaje kuniletea mimi kitu ambacho yeye mwenyewe hakitii mdomoni. Hakukasirika. Ni afadhali angekasirika. Aliniambia polepole, "Na wewe unataka watoto wangu wale nini?" Hilo ndilo neno nililokuwa najiambia kila jioni nikiwawekea wako sahani.

Asubuhi aliondoka kabla ya chai. Nikaenda steji kuchukua gunia. Lilikuwa zito, mafuta yametoka yakalowesha upande mmoja. Nikamwambia kondakta alirudishe lilikotoka.

"Mathe, kwani imeoza?"

"Haijaoza. Rudisha."

"Si basi nibebe mimi mwenyewe, nikule na familia?"

Nilimkemea mpaka watu wote wa steji wakageuka. Nikamwambia akigusa samaki mmoja nitamjua, na nitampata. Mtu mzima yule, akanywea. Akalirudisha gunia juu ya basi kama mtu anayepandisha jeneza, na akajipangusa mikono kwenye suruali. Mimi nilikuwa sijamwambia kitu.

Nikarudi nyumbani nikalisugua karai kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikatoka damu. Bado linanuka. Jumatatu nitaanza mandazi, na mandazi ya kwanza yatanuka ngege, wateja wavumilie. Mimi nimekaanga samaki tangu Okelo akiwa tumboni. Sasa nitakata unga pembe tatu kama msichana aliyekuja mjini jana, na yule fundi wa viatu atasimama hapo aseme alijua. Acha aseme.

Jioni nikamwambia Atieno tumeacha samaki. Nilidhani atarukaruka, na hilo jina lake la shuleni. Akakunja kitambaa, akakikunjua. Halafu akaniuliza, "Dani, na wale tuliokula?"

Nikamwambia akaoshe sufuria.

Hilo ndilo jambo langu, Rispa. Sina mwingine wa kumuuliza. Wewe uko huko juu ya maji, mchana na usiku unatazama, na vijana wanaogopa kushuka chini yako. Kama kuna kitu umekiona, umekiona. Lakini usiniambie. Nakukataza. Usije ndotoni na maneno yako mengi. Nimeamua bila jibu na sitaki jibu sasa. Nikilipata, nitamtazama vipi mtoto yule akiniuliza tena?

Ninachokuahidi ni hiki. Oti na Atieno hawataonja samaki kutoka mkononi mwangu tena, hata wakilia, hata kama mandazi hayanunuliwi na tukalala na uji wa chumvi. Na hakuna mtoto wa mtu mwingine atakayeonja. Nitawasomesha. Atieno atamaliza, wewe ulitaka amalize.

Pumzika sasa. Lala na mgongo umenyooka, usilale upande, unakoroma. Na ukiona watu wageni wanapanda kutoka ufukweni, wameloa na hawajui lugha yetu, usiwafukuze kama ulivyokuwa unafukuza wageni wangu. Wasogezee mkeka. Wametoka mbali, na hakuna aliyewazika.

Mkubwa wako,
Mama Okelo