Zahanati Isiyokuwepo

Jumatatu, 6 Oktoba

Joto. Vumbi la malori limeingia mpaka kwenye kibodi. Nimefuta, nimechoka, nimeacha.

Majaribio yameanza tena. Programu yetu ya kupeleka dawa si kitu kimoja. Ni vipande vinne: cha oda, cha stoo, cha waendesha pikipiki, cha meseji. Kila kimoja peke yake ni mtoto mzuri. Shida ni kusikilizana. Kazi yangu hapa Sultan Hamud ni kuvigombanisha nione ni kipi kitanyamaza.

Leo nimebuni zahanati. Nimeiita Kalaasani, jina la kutunga tu. Nimeiweka upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, mahali ambapo ramani haina hata kijia, isije ikagongana na zahanati ya kweli. Nikatuma oda ya dharura: mgonjwa ameumwa na nyoka. Katikati ya safari ya hiyo oda, nikazima kipande cha stoo.

Oda ilijifuta yenyewe. Sawa kabisa. Lakini kipande cha waendeshaji hakikuambiwa. Kwa hesabu yake, kuna mtu bado yuko barabarani na dawa, na hakuna atakayemrudisha. Kosa tamu. Nimemwonyesha Wangari, bosi wangu, akasema lirekebishwe kabla wageni wa kaunti hawajarudi mwisho wa mwezi.

Nimefurahi nalo jioni yote. Chapati na ndengu. Nalala mapema.

Jumanne, 7 Oktoba

Asubuhi simu kutoka stoo ya Kibwezi. Boxi la dawa ya nyoka halimo kwenye friji. Ufunguo huwa nao Nzioka, mwendesha pikipiki wetu wa huko. Simu yake haipatikani. Wangari akasema lazima yuko Mtito Andei, anawabebea madereva wa malori vitu vyao kwa pikipiki ya kampuni. Wengine wameshafanya hivyo. Nzioka simjui sana. Mtu mzima, shemasi kanisani kwao, huandika meseji kwa herufi kubwa zote kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Mchana mke wake akapiga. Mama Ndanu. Nilipokea mimi kwa sababu nilikuwa karibu na simu. Mumewe aliondoka jana na hajarudi. Alimwambia kuna mtu ameumwa na nyoka ng'ambo ya Athi.

"Alisema anaenda zahanati inaitwa Kalaasani," akasema. "Mimi nimezaliwa upande huo. Sijawahi kuisikia. Nyinyi mnaijua?"

Hilo jina lilikuwa kichwani mwangu na kwenye laptop yangu. Basi. Halipo mahali pengine popote. Na hapo nalisikia likitoka mdomoni mwa mwanamke nisiyewahi kumwona.

Niliandika namba yake, nikaenda kumwita Wangari.

Jioni. Tumempigia Felix, aliyeiandika programu, yuko Nairobi. Akakiri mwenyewe. Wiki iliyopita, wageni wa kaunti walipokuja, alitaka waone simu ikilia kweli. Akanakili namba za waendeshaji wa kweli akaziweka upande wa majaribio. Alikusudia kuziondoa wageni wakishaenda. Alisahau.

Meseji yangu ilifika. Kwenye simu ya kweli, kwa mtu wa kweli. Meseji ya kumrudisha haikutoka, kwa sababu ya kosa lile lile nililolifurahia jana.

Siwezi kuandika.

Jumatano, 8 Oktoba

Wangari ameendesha pickup mwenyewe. Kibwezi, kisha daraja la Athi, kisha Ikutha kumchukua chifu, kisha njia ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa na ramani. Mimi ndiye niliyekuwa najua mahali, na sijawahi kufika huko maishani.

Kwenye ramani hapana kitu. Tumepita mizinga ya nyuki juu ya miti, mazizi ya mbuzi, mwanamke na punda wake wakitoka kutafuta maji. Chifu alimsimamisha kila mtu na kumwuliza kwa Kikamba. Kila mmoja alisema zahanati hakuna. Kila mmoja aliponiangalia niliangalia chini.

Tuliikuta pikipiki imelala ukingoni mwa korongo kavu. Nikafungua simu nione tuko wapi. Tulikuwa juu ya alama yangu. Juu yake kabisa. Hakupotea. Alifika.

Korongoni hakukuwa na mtu. Kulikuwa na damu kwenye mchanga, na kiatu.

Wangari alikaa chini hapo hapo na suruali yake ya ofisi. Chifu akatukataza kulia, akasema damu iliyokauka si maiti. Alifuata nyayo mpaka boma moja. Ndugu wawili wachunga mbuzi walikuwa wamempata asubuhi. Walimbeba kwa blanketi mpaka barabarani, lori la mchanga likampeleka Kitui. Yuko hai. Mguu umevunjika, mfupa umetoka nje.

Mkubwa wao alitueleza bila kupandisha sauti. Walipomkuta, chupa yake ya maji ilikuwa tupu, lakini mengi hakuyanywa. Aliloweka koti lake akalizungushia boxi la dawa, ili isiharibike kwa joto. Aliposikia watu hakuomba maji. Alisukuma lile boxi mbele.

"Alituambia tupeleke hiyo kwanza," akasema. "Tukamwuliza, wapi?"

Alhamisi, 9 Oktoba

Wamekata mguu. Chini ya goti. Ulikuwa umeoza, ulikaa sana kwenye mchanga.

Nimeambiwa kwa simu nikiwa natoka dukani na mkate. Nimesimama barabarani. Pikipiki zimenipigia honi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wangari ameniita. Macho yamevimba, hajalala. Anasema mradi utafungwa. Anasema kuna zahanati kumi na zaidi ambazo leo zinapata dawa kwa sababu yetu na kesho hazitapata. Hilo ni kweli. Kisha akasema tuwaambie jamaa za Nzioka kwamba alipotea njia.

"Si uongo sana, Mwikali. Hapo mahali hapajulikani."

Nilimwambia hakupotea, alifika mpaka pale pale nilipoweka alama. Nilimwambia kwamba mtu akikutii mpaka mwisho halafu useme amepotea, huo ni uongo mkubwa kuliko wote. Sijawahi kumjibu hivyo. Wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka hapa kabla sijazaliwa, na yeye ndiye aliyenipa kazi nikiwa sina kitu. Aliangalia dirishani tu.

Namchukia. Namwonea huruma. Vyote pamoja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeenda Kitui peke yangu. Sikumuaga mtu.

Nilidhani atakuwa na hasira. Nilijiandaa kwa hasira. Amekonda, midomo imepasuka, shuka limelala bapa pale mguu ungekuwa. Nilijitambulisha. Mama Ndanu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chake, akanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Hicho kiti kilinichoma.

Kisha Nzioka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Madam, yule mtu wa nyoka. Alipata dawa kwingine?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku zote hizi, hata mara moja.

"Baba Ndanu, hakukuwa na mtu."

Hakuelewa. Nikamweleza pole pole. Tulikuwa tunajaribu mitambo. Zahanati niliitunga mimi. Mgonjwa nilimtunga mimi. Meseji haikufaa kufika kwako. Aliangalia dari.

"Kwa hivyo hakuna mtu alikufa."

"Hakuna."

"Mimi nilikuwa najua nimemuua," akasema. "Pale korongoni nilikuwa namwombea. Nikamwambia Mungu, huyu mtu ananingoja na mimi nimelala hapa."

Akaanza kulia, mdomo wazi, bila sauti. Nilitaka sakafu ipasuke. Alikuwa analia kwa kutua mzigo. Kwa shukrani. Ningependa anitukane.

Mama Ndanu ndiye aliyesimama. Hakupaza sauti, kulikuwa na wagonjwa wengine.

"Kwa hivyo mguu wa mume wangu umeenda na mchezo."

"Haikuwa mchezo, mama."

"Ilikuwa nini?"

Nilitafuta neno. Sikupata la Kiswahili wala la Kikamba. Akasema niende, niwaache. Nikaenda.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Nilikaa nyuma. Habari imeshafika mjini, kwa njia ile aliyoitaka Wangari. Pastor aliomba maombi kwa ndugu yetu wa Kibwezi aliyepotea njia porini, akasema tujifunze kumwuliza Mungu njia kabla ya kuondoka. Watu wakaitikia amina.

Wangari, mbele, akainuka. Nilidhani anatoka nje.

"Pastor, hakupotea," akasema. "Sisi ndio tulimtuma. Tulimtuma mahali ambapo hakuna kitu, na akaenda."

Pastor alibaki na kitabu mkononi. Wangari alikaa, akajifunika uso na leso. Mama mmoja pembeni yake akamshika bega.

Wiki hii yote nimeshtuka mpaka nikadhani nimemaliza. Sikuwa nimemaliza.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumejipeleka wenyewe kaunti. Kila kitu kimesimamishwa. Dawa zinaenda kwa gari la kukodi, zikifika zinafika.

Felix amekuja kutoka Nairobi. Alipita hospitalini kwanza. Hakusema walimwambia nini. Ameketi kwenye meza iliyo mkabala na yangu, anatenganisha pande mbili za programu, wa kweli na wa majaribio, hata mtu akitaka kuziunganisha asiweze. Anakosea herufi ndogo ndogo. Nimemletea chai. Ikapoa.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimerudia jaribio lile lile. Zahanati sasa haina jina, ina alama ya msalaba tu. Namba zote upande wa majaribio sasa ni moja, yangu. Nikazima stoo katikati.

Simu yangu ikalia: nenda. Sekunde chache, ikalia tena: rudi, oda imefutwa.

Felix alisema imepita. Hatukupeana mikono. Nilienda chooni, simu nikaiacha mezani. Niliogopa hata simu yangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba

Kibwezi. Nilituma salamu kwanza, mara mbili. Ya pili Mama Ndanu alijibu kwa neno moja: njoo.

Nzioka alikuwa amelala ndani, dawa humlemea mchana. Wangari amemwambia mradi ukifunguliwa tena, kazi ya kuongoza waendeshaji wote kwa simu ni yake, akitaka. Hajasema atachukua wala hatachukua. Usiku hukasirika sasa, mkewe alisema. Huuliza mguu wake waliuzika wapi. Aliniambia hilo akiangalia kazi yake, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharagwe, anatoa mawe. Hakunipa chai. Nilikaa kwenye kigoda nikashika mkoba wangu magotini, nikafikiri nimekosea kuja. Kuku walipita. Mtu alikuwa anapasua kuni nyumba ya pili.

Baadaye akausogeza ungo kidogo, ukawa katikati yetu.

Tulichambua mpaka maharagwe yakaisha.