Foto ya Robo Yako

Kwa Neema, mjukuu wangu, mshonaji wa Kawale,

Amani ikufikie. Huku kambini Dzaleka tuko. Baba yako amepona malaria, na kuku yako imetotoa.

Unaniuliza sababu gani foto za robo zako, magauni unayoshona, unaweka kwa simu bantu banazisifu, lakini hakuna mwenye kununua, na unaogopa utafunga kibanda. Nimeziona. Yule mwanamke mwembamba wa Ulaya ndani ya foto ni nani? Robo ile ni we uliishona? Unashona vizuri kupita bote, halafu unaficha kazi yako, mtoto we!

Kule Bukavu, mi nikiwa msichana, Mama Solange alishona robo. Kila robo mpya, alitafuta mtu wa kuivaa sokoni. Siku moja nikajipaka mafuta, nikasimama mbele yake. Akanipita, akamwita muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, mama mnene kama pipa.

"Mi niko mubaya?" nikauliza.

"We uko muzuri sana. Bakikuona, batasema we njo muzuri. Bakimuona yeye, batasema robo njo nzuri."

Nilinuna. Lakini sokoni bamama, banene kama yeye, baliacha vitu vyao kumshika robo mgongoni, kuuliza nani alishona. Akili ya Mama Solange ile! Mpaka leo naipenda.

Jumapili nakuja. Nishonee robo ya mwili wangu huu huu, unipige foto mbele ya masini yako ya kushona. Usinifanye mweupe kwa simu. Na miguu usikate, viatu nimeshapiga brosi.

Koko wako